Siku zako za likizo ukiachishwa kazi: namna ya kuzihesabu na kuzidai

Wanachama hamjambo. Kuna swali linalorudi hapa kila mara: "Nimeachishwa kazi. Wakinilipa siku zangu za likizo, nitakosa ile posho ya wasio na ajira?" Kwa Kenya jibu ni fupi. Posho hiyo hatuna. Hakuna mfuko wa serikali unaokulipa kwa sababu umekosa kazi, na NSSF ni akiba ya uzeeni: kwa kawaida unaichukua ukifika miaka 60, au kuanzia 50 kama umeacha kazi. Wengi wanaoulizia posho wameona video ya mtu aliye Marekani. Nao nitawajibu, lakini chini kabisa.

Kwa hivyo mtu wa Nairobi akipoteza kazi, malipo ya likizo mara nyingi ndiyo kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza. Na ndiyo pesa inayopotea kirahisi kuliko zote, kwa sababu inafichwa ndani ya malipo mengine na wewe unashukuru kupewa chochote.

Hatua ya kwanza: jua umebakisha siku ngapi

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, kwa malipo kamili. Siku za kazi, si za kalenda. Jumapili yako ya mapumziko haimo, wala Madaraka Dei. Kama mkataba wako unasema 25 au 30, fuata mkataba.

Ukiondoka kabla ya mwaka kuisha, mradi umefanya kazi miezi 2 au zaidi, unahesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika. Miezi 8 ni siku 14. Toa zile ulizokwisha kuchukua.

Hesabu hii inahitaji ushahidi, na ushahidi mwingi uko kwenye kompyuta ya kazini. Barua pepe yako inaweza kufungwa saa ileile unayopewa barua. Kwa hiyo ukianza tu kusikia minong'ono ya kupunguza watu, piga picha salio lako la likizo kwenye mfumo, na zile fomu ulizotiwa sahihi na msimamizi. Kutunza rekodi ni jukumu la mwajiri, na akishindwa kuzileta mahakamani mzigo unamwangukia yeye. Lakini mwenye picha kwenye simu mara nyingi hahitaji kufika mahakamani.

Hatua ya pili: siku moja ina thamani gani

Hapa ndipo watu wanapunjwa bila kujua. Tuseme mshahara wako ni 52,000 na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Mwezi una takriban siku 26 za kazi, kwa hiyo siku moja ni 2,000. Ukiwa na siku 9 zilizobaki, ni 18,000. Mhasibu akigawanya kwa 30, siku 9 zilezile zinakuwa 15,600. Mimi naona kugawanya kwa 30 si haki: siku zenyewe umezihesabu kama siku za kazi, iweje bei yake iwe ya kalenda? Wanaofanya kazi siku 5 kwa wiki hutumia 22. Muulize HR ametumia kigawanyo gani, na akujibu kwa maandishi.

Hatua ya tatu: tenganisha mafungu

Hii ndiyo hatua ya kusoma mara mbili. Ukipunguzwa kazini, yaani nafasi yako imefutwa bila kosa lako, kifungu cha 40 kinataja mambo matatu mbalimbali: likizo uliyobakiza ilipwe taslimu, notisi isiyopungua mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, na malipo ya kupunguzwa, yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Hakuna fungu linalomeza jingine.

Turudi kwa yule wa 52,000, awe amefanya kazi miaka 4 na miezi 8. Notisi ni 52,000. Siku 15 tuzichukulie kama nusu mshahara: 26,000 mara 4 ni 104,000. Likizo ni 18,000. Jumla 174,000 kabla ya kodi. Sasa anapewa karatasi yenye mstari mmoja tu: "Malipo ya mwisho: 156,000." Ni pesa nyingi, anatia sahihi. Kumbe hiyo ni notisi na malipo ya kupunguzwa peke yake. Likizo imeenda na upepo, na kwenye karatasi hakuna pengo la kuonyesha ilipokuwa.

Dawa yake ni kuomba mchanganuo: kila fungu na mstari wake, idadi ya siku na bei ya siku. Wakikuambia "ulikuwa ukimalizia likizo wakati wa notisi", uliza nani aliidhinisha likizo hiyo, na lini.

Hatua ya nne: kodi

Malipo badala ya likizo ni mapato ya ajira, yanakatwa PAYE kama mshahara. Usishtuke. Hakikisha tu yameingia kwenye P9 yako, ile karatasi ya mwaka inayoonyesha mapato yako na kodi uliyokatwa.

Hatua ya tano: kalamu ikae mfukoni kwanza

Ile fomu ya mwisho huwa na sentensi kama hii: "Nimepokea haki zangu zote na sina dai lingine lolote." Ukiitia sahihi kwa hiari, ukiielewa, mahakama inaweza kukufunga nayo. Omba nakala uende nayo nyumbani. Wakikataa na una shida ya pesa, andika kwa mkono kando ya sahihi yako: "Napokea, siku 9 za likizo bado nadai." Cheti cha utumishi ni haki yako vilevile, hakiuzwi kwa sahihi.

Hatua ya sita: wakikataa

Andika barua ya madai, uwape muda wa kujibu. Kisha nenda kwa afisa wa kazi wa serikali. Kumpelekea malalamiko hakuhitaji wakili. Kama unalalamikia pia namna ulivyofutwa, usipitishe miezi 3 kabla ya kumfikia. Kesi yenyewe ina kikomo cha miaka 3, na kama mshahara wako haukuzidi 80,000 kwa mwezi, kuna mahakimu waliopewa mamlaka ya kuisikiliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Kayole: Mwalimu, mimi ni kibarua wa kulipwa kila jioni, ghala lilelile, mwaka wa pili sasa. Nina likizo kweli?

Unayo, ndugu yangu. Kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, kifungu cha 37 kinamgeuza kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zinafuata. Ugumu wako ni ushahidi. Tunza jumbe za M-Pesa kama unalipwa kwa simu, na picha za daftari la getini.

Swali, Umoja: Nilifutwa kwa kosa, siku hiyohiyo, bila notisi. HR anasema nimepoteza kila kitu.

Notisi umepoteza, kama kosa ni la kweli. Likizo hujapoteza. Hata anayefutwa papo hapo kwa sababu halali hulipwa kila anachodai hadi siku ile, na siku ulizokwisha kuzifanyia kazi zimo.

Swali, Donholm: Na aliyejiuzulu?

Vilevile. Ila ukiondoka bila kutoa notisi, tarajia wakate mshahara wa notisi humohumo, na likizo inaweza kuishia hapo.

Swali, South B: Mimi niko upande wa pili. Dada wa nyumbani anaondoka baada ya mwaka na miezi 3. Desemba alienda kwao wiki mbili. Nimlipe nini?

Asante kwa kuuliza, mama, wengi hawaulizi. Mwaka mzima ni siku 21, miezi 3 ni 5.25, jumla 26.25. Wiki mbili za Desemba kwa anayefanya kazi siku 6 ni 12, lakini toa Krismasi na sikukuu nyingine zilizoangukia humo, kwa sababu hizo hazikuwa likizo yako kumpa. Kinachobaki mlipe, na muandikie karatasi.

Swali, kutoka Dallas: Mimi ndiye yule wa video, haha. Huku je?

Karibu nyumbani! Kule kila jimbo lina sheria yake. Texas, likizo uliyokwisha kuilimbikiza haikucheleweshei posho. Kinachochelewesha ni mshahara badala ya notisi, au malipo ya kuachishwa. California pia, ukiachishwa moja kwa moja, likizo haipunguzi posho. Kwa hiyo kule jina la kila fungu kwenye karatasi lina maana hata kuliko huku. Usijaze "malipo ya kuachishwa" mahali palipotakiwa likizo. Walio Kanada wajue kanuni ya kawaida ni kinyume: malipo ya likizo ya kuondokea husogeza mbele wiki ya kuanza kulipwa, ingawa serikali iliisimamisha kanuni hiyo kwa muda kuanzia 30 Machi 2025.

Swali, Embakasi: Kampuni imenihamishia Dar mwaka wa tatu sasa, nachangia NSSF ya huko. Wanataka niandike barua ya kujiuzulu ili "mambo yaende haraka".

Usiandike. Tanzania wana fao la kukosa ajira: aliyechangia miezi isiyopungua 18 hulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6, lakini aliyejiuzulu kwa hiari halipati. Likizo yako watakulipa kwa barua yoyote ile. Fao, kama unatimiza masharti yake mengine, litakwenda na barua uliyoandika wewe. Waambie wao ndio waandike kwamba wamesitisha ajira, na sababu waitaje.