Namna ya kuanza mapema tiba shufaa nyumbani Bukavu

Familia nyingi hungoja hadi mgonjwa wa saratani au wa moyo ashindwe kunyanyuka kitandani ndipo ziulizie tiba shufaa, ilhali matunzo haya ya kupunguza mateso yanafaa kuanza tangu ugonjwa unapotambuliwa, sambamba na matibabu mengine.

Anza na maumivu. Mwombe mgonjwa aonyeshe ukali wake kwa vidole, kuanzia sifuri hadi vitano, asubuhi na jioni, kisha uandike katika daftari. Kwa anayeishi katika komuni ya Kadutu mjini Bukavu, ambako kupanda na kushuka mlima ni mateso tosha, ndugu anaweza kumpelekea daktari daftari hilo. Morfini ya kunywa, dawa kali ya kutuliza maumivu, ikiagizwa, kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, hata kabla maumivu hayajarudi, nawe uombe pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga tumbo. Wengi huiogopa wakidhani kwamba inaharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haifanyi hivyo.

Muulize pia, bila haraka, jambo linalomnyima usingizi: pesa za masomo ya watoto, deni, hati ya kiwanja, au hamu ya kuonana na padri. Naye anayemtunza apate wa kumpokea zamu.