Dawa za aleji: umeze ipi, saa ngapi, na lini zisikutoshe

Siku moja nilimeza vidonge viwili vya aleji asubuhi, vile vidogo vya manjano, nikapanda matatu Kongowea niteremke Bamburi. Kushtuka, makanga anigonga bega, tuko Mtwapa na gari limebaki mimi peke yangu. Nauli nikalipa tena ya kurudi. Kosa langu mwenyewe, dozi ni kimoja na mimi nilijipimia kwa hasira za kujikuna. Basi tangu siku hiyo nikaanza kuuliza hizi dawa zafanya nini haswa.

Iko hivi. Mwili ukikutana na kitu hauelewani nacho, vumbi, paka, kamba wa baharini, sijui nini, kuna seli kwenye ngozi na pua zamwaga kemikali inaitwa histamini. Hiyo histamini ina viti vyake kwenye mishipa ya damu na ya fahamu, ikishakaa tu, mishipa ya damu yatanuka na kuvuja maji, ngozi yavimba, pua yatiririka, macho yawasha mpaka wataka kuyang'oa. Sasa antihistamini, yaani hizi dawa za aleji, haiui histamini wala haiitoi mwilini, yawahi kiti tu. Ni kama stejini jioni, aliyewahi ndiye anayekaa. Ndio maana ukishavimba ndo umeze utangoja kidogo, lakini kama wajua kesho wenda kwa shangazi Mji wa Kale na pale paka ni wengi kuliko watu, meza saa moja kabla ya kutoka.

Kuchagua sasa. Za zamani ni klorofeniramini (ndio hiyo Piriton), promethazini na wenzao. Hizi zaingia mpaka kwenye ubongo, na huko histamini ndiyo inayokuweka macho, kwa hiyo kiti chake kikikaliwa walala fofofo. Pia zakausha mdomo, na mzee mwenye shida ya tezi dume au mwenye presha ya macho asizimeze bila kumuuliza daktari. Piriton ya miligramu 4 mtu mzima ameza kimoja kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 6 kwa siku. Dereva wa tuktuk au mtu wa jiko la mkaa, aachane nazo mchana, na pombe ya mnazi usiongeze juu yake hata kidogo.

Za kisasa ni setirizini, loratadini na feksofenadini. Setirizini na loratadini mtu mzima ni miligramu 10 mara moja kwa siku, basi. Ubongoni haziingii sana, ingawa setirizini wako watu yawalaza vilevile, kwa hiyo mara ya kwanza ijaribu usiku. Feksofenadini imeze na maji, usishushie na juisi ya machungwa, juisi yaizuia isiingie vizuri mwilini na utasema dawa feki.

Halafu geuza paketi ya dawa ya mafua usome nyuma, nyingi zina klorofeniramini ndani tayari, wajikuta umemeza dozi mbili hujui. Na mtoto usimpe sirapu ya aleji ili alale safarini. Promethazini kwa mtoto chini ya miaka 2 yaweza kumzuia kupumua.

Vipele vya ghafla, chafya za vumbi, macho kuwasha, kuumwa na mdudu, hapo zafanya kazi. Pua ikiziba kabisa hazisaidii sana. Pumu si kazi yake. Upele ule wa nyumba nzima kujikuna usiku zapunguza muwasho tu, vidudu viko palepale, yatakikana mpakwe dawa yake nyote. Na mtu akivimba ulimi au koo, akipumua kwa shida au akizimia, usikae kumtafutia kidonge: huyo ataka sindano ya adrenalini, mkimbize hospitali.

Na kuna hii ya samaki ambayo watu wa pwani twaikosea sana. Mtu ala jodari, baada ya nusu saa uso mwekundu, kichwa chagonga, mwili wawasha, na tangu utotoni ala jodari bila shida. Aambiwa ana aleji asile tena. Mara nyingi si aleji! Jodari akikaa juani bila barafu, bakteria wageuza nyama yake kuwa na histamini yenyewe, yaani umekula histamini kwenye sahani, na kupika hakuiondoi, hata umkaange akauke. Antihistamini humtuliza mtu huyo. Ila mkila wanne mkawashwa wanne, muulize muuzaji samaki alikaa wapi tangu alfajiri.