SOMO: Kubadilisha SSD kwenye Surface Pro 3 bila kuua kioo

Wadau wa Mtwara na Lindi habari zenu. Nimeulizwa sana kuhusu hizi tablet za Microsoft, Surface Pro 3 yuzidi zinazotoka Kariakoo, nyingi ni za GB 64 au 128, ukishaweka Windows na mafaili ya ofisi inajaa, inaanza kugoma hata kupokea apdeti. Watu wanaambiwa haiongezeki mana imezibwa, haina hata skrubu moja kwa nje. Inaongezeka. Kuchomoa SSD (diski ya ndani ya kuhifadhia) yenyewe ni dakika chache tu, kazi ipo kwenye kioo na gundi, kwaiyo huko ndo ntakaa sana.

HATUA YA 1: Jua unachofungua
Pro 3 ilitoka 2014 na ndani ina SSD ya mSATA, kibao cha upana wa mm 30 na urefu kama mm 51. Ukimwambia muuzaji "nataka SSD ndogo" atakupa M.2 (aina nyingine ya SSD) mana ndo zimejaa madukani, na hiyo haiingii, meno yake tofauti kabisa. Mtaje mSATA kwa jina, omba akutumie picha kabla mzigo haujapandishwa basi, kurudisha Dar ni gharama nyingine. Alafu kama shida yako ni picha na video tu usifungue kitu, inua ile stendi ya nyuma utaona tundu la memori kadi, weka kadi basi. SSD ni kwa anayetaka Windows na programu zipumue.

HATUA YA 2: Hamisha mambo yako kabla hujagusa kioo
Zima BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski), subiri imalize kufungua diski yote, na ile namba yake ya tarakimu 48 iandike kwenye karatasi. Wengi hawajui hata kama ipo, inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Kisha tafuta kava la USB la mSATA, weka SSD mpya humo, chomeka kwenye lile tundu moja la USB na ukloni (unakili diski yote ilivyo) kwa programu kama Macrium Reflect. Kama hutaki vya zamani, nenda tovuti ya Microsoft, weka siriano namba ya tablet yako wanakupa mfumo wake mzima, uweke kwenye flashi ya GB 16 iliyofomatiwa FAT32. Windows hununui tena, leseni inaitambua bodi na bodi ni ileile.

HATUA YA 3: Kioo
Acha chaji ishuke chini ya asilimia 25, zima kabisa, sio kuilaza. Betri ya lithiamu iliyojaa ukiichoma kwa bahati mbaya ni moto.

Kioo na LCD vimegandishwa pamoja, kikipasuka unanunua vyote, na ni chembamba kuliko unavyodhani. Tumia blowa kwa joto la chini, au draya ya saluni inatosha, ila uizungushe muda wote ukingoni usiisimamishe sehemu moja. Joto likitosha utaligundua kwa kidole, huwezi kukiacha pale muda mrefu. Hapo bandika kile kinyonyeo cha mpira karibu na ukingo, katikati ya upande, kona ziache mwisho mana ndo zinazopasuka, vuta taratibu mpaka upenyo uonekane kama unene wa karatasi, ingiza kipande cha plastiki cha kufungulia simu. Usitumie chuma. Telezesha ukikata gundi ya ukingoni tu, usizamishe ndani mana kuna kebo na LCD yenyewe. Ukiona plastiki inagoma usiongeze nguvu, rudisha joto. Gundi ikiwa ya moto inavutika nyuzi nyeusi na plastiki inapita laini, ikipoa unasikia inakwaruza, huo mlio ndo dalili ya kusimama. Kila unapopita acha kipande cha plastiki pale pale, la sivyo nyuma yako inajifunga tena.

Kazi hii fanya asubuhi ukiwa na muda, usiifanye na mteja amekusimamia. Na feni izime, inapoza upande mmoja wakati wewe unapasha mwingine.

Kikiachia pande zote usikinyanyue moja kwa moja. Chungulia kwanza, kuna kebo bapa za kioo na tachi, zichomoe kwa ukucha au plastiki ndo ukiweke pembeni juu ya kitambaa.

HATUA YA 4: SSD
Skrubu moja ya torx (ya nyota), seti yenye T3 mpaka T5 inatosha. Ukikuta karatasi ya juu yake ibandue ikiwa nzima uirudishe. Vuta ya zamani, ingiza mpya, funga.

HATUA YA 5: Jaribu kabla ya gundi
Wengi wanaruka hapa. Rudisha kebo, laza kioo bila gundi, washa. Kama unapiga Windows upya, shika kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza kile cha kuwashia na kukiachia, itasoma flashi. Jaribu tachi kona zote nne, kalamu, waifai, kamera, itumie masaa kadhaa. SSD ya GB 512 itasoma kama 476, hujaibiwa, ndivyo Windows inavyohesabu. Kila kitu kikiwa sawa ndo safisha gundi ya zamani kwa spiriti, weka selotepu ya pande mbili ya mm 2 au gundi ya B-7000, bana kwa raba bendi na kitu kizito kisichokwaruza, siku nzima. Zungusha gundi pande zote msiache pengo, huku kwetu hewa ya bahari ina chumvi na ikiingia kwenye bodi itakula taratibu.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Nachingwea: Fundi mimi mwalimu, nina tableti ya Android ya GB 16, naweza kufanya hivi?
Jibu: Hapana mwalimu. Storeji yake ni chipu iliyochomewa kwenye bodi, hiyo inataka kuchomoa kwa joto na kuhamisha data kwa mashine maalumu. Kuanzia Android 6 memori kadi inaweza kuungwa iwe sehemu ya storeji ya ndani, ila sio kampuni zote zimeiacha hiyo sehemu. Angalia kwenye mipangilio ya storeji.

Mdau, Masasi: Kaka nina Pro 7.
Jibu: SSD ya Pro 7 imechomewa kwenye bodi, usiifungue. Ingekuwa Pro 7+ ungefurahi, ina kimlango chini ya stendi, unaweka M.2 ya NVMe saizi 2230 (mm 22 kwa 30) bila kugusa kioo.

Mdau, Lindi mjini: Nimeona watu wanatoboa kwa nyuma na mashine, wanaifikia SSD bila kubandua kioo. Si rahisi zaidi?
Jibu: Ni kweli inafanyika kwa Pro 3, ila mimi sishauri. Mwili wake ni magnesiamu, unga wake unashika moto, na chembe zikidondokea kwenye bodi ni shoti. Ukikosea milimita chache umekata bodi. Kioo ukikipa joto na subira kinatoka.

Mdau, Mikindani: Nimekloni lakini C bado inasoma GB 119 na SSD ni 256.
Jibu: Nafasi ipo, haijaunganishwa tu. Fungua Disk Management, utaona kipande kitupu mwishoni, na katikati kuna kipande cha rikavari kinachozuia. Kihamishe kiende mwisho kwa programu ya patisheni, alafu tanua C. Na wakati wa kukloni chaji iwe imejaa, umeme ukikatika katikati tablet iendelee yenyewe.

Mdau, Newala: Windows 10 si imeshafungwa?
Jibu: Ndio dada, apdeti za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiikubali prosesa ya Pro 3. Kwa kazi za Excel na Word inafanya bado, ila mambo ya benki usiweke humo. Ukiweka Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), kuna kaneli (kiini cha mfumo) ya linux-surface iliyotengenezwa kwa ajili ya hizi mashine. Kama ndo unataka kununua, na hela inaruhusu, tafuta Pro 7+.