Anzia kwenye kazi, rudi nyuma: kumsaidia mwanafunzi wa sekondari kupanga chuo

Mwanafunzi akiulizwa anataka kuwa nani, hutaja kazi alizozoea kuzisikia: daktari, mwanasheria, rubani. Mwombe ataje tatu, kisha kila moja muirudishe nyuma kwenye karatasi yenye safu nne: kazi yenyewe, kozi inayoelekea huko, masomo na alama zinazodaiwa na kozi hiyo, na mwaka ambao masomo hayo huchaguliwa shuleni.

Safu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Wengi hugundua mwaka wa mwisho kwamba uhandisi unataka fizikia na hisabati, au kwamba famasia haiingiliki bila kemia, na somo lenyewe walishaliacha zamani kwa kumwogopa mwalimu. Kwa hiyo zoezi hili lifanyike kabla ya kuchagua masomo, si baada ya matokeo. Ambaye bado hajajua anakotaka kwenda asiiache hisabati, na kama anaimudu sayansi, abaki na somo moja walau. Kutoka sayansi kwenda sheria au biashara kuna njia nyingi. Kurudi ni kugumu.

Kipimo cha mielekeo kinasaidia kuanzisha mazungumzo. Kinachotumika sana kinatokana na kazi ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyegawa mielekeo katika makundi sita: vitendo, uchunguzi, sanaa, huduma kwa watu, ushawishi na utaratibu. Soma makundi mawili au matatu ya juu kwa pamoja, wala usimwambie mtoto kwamba karatasi imeamua. Kipimo hupima anachopenda, hakipimi anachoweza.

Kinachofundisha zaidi ni kuongea na wanaoifanya kazi. Kwa kila kazi atafute watu watatu: aliyeanza karibuni, mwenye miaka kumi au zaidi, na aliyeiacha. Huyu wa tatu husahaulika, na ndiye mwenye mengi ya kusema. Asiulize "unaipenda kazi yako?" Aulize: jana ulifanya nini tangu ulipofika mpaka ulipotoka? Nini kinachosha? Ungekuwa unaajiri, ungetazama nini kwanza? Mwanafunzi anayeota uuguzi anapaswa kusikia habari za zamu za usiku sasa, si mwaka wa pili wa chuo.

Kozi ikishapatikana, hakikisheni ithibati, yaani kutambuliwa rasmi, mara mbili: ya chuo na ya kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, lakini kozi yake isitambuliwe na bodi ya taaluma inayotoa leseni, hasa kwenye afya, uhandisi na sheria. Tazameni orodha ya bodi yenyewe. Tangazo la chuo si ushahidi.

Kwenye gharama, ada ni mwanzo tu. Ongezeni malazi, chakula, usafiri, vitabu, vifaa na ada za mitihani, kisha zidisheni kwa miaka yote ya kozi. Ufadhili usomwe masharti yake: ni wa mwaka mmoja au hadi kuhitimu, na alama zikishuka unakatwa? Mkopo uulizwe riba inaanza kuhesabiwa lini.

Maombi yasiwe ya chuo kimoja. Chagueni kozi moja au mbili za juu ya alama anazotarajia, mbili au tatu zinazolingana nazo, na moja ambayo hata akiteleza kidogo ataipata, mradi awe tayari kweli kuisoma. Barua za mapendekezo ziombwe wiki nne kabla ya siku ya mwisho. Linganisheni jina kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule herufi kwa herufi: tofauti ndogo inaweza kukwamisha maombi, na kuirekebisha huchukua muda. Anwani ya baruapepe iwe yake mwenyewe, si ya shule itakayofungwa akihitimu.

Alama zikipungua, msikimbilie kozi yoyote iliyobaki wazi. Pimeni njia tatu: kurudia somo lililokwamisha, kuingia kupitia stashahada, au kozi jirani ndani ya fani ileile. Kwa stashahada, ulizeni chuo kwa maandishi kabla ya kulipa: mhitimu wake akijiunga na shahada, anaingia mwaka wa ngapi, na masomo yapi aliyokwisha kufaulu yatahesabiwa?