Somo: Igizo la mtaa kwa visa vya watazamaji, bila kumwanika mwenye kisa

Mtaani mtu hatambuliwi kwa jina tu. Ukisema jukwaani "mama wa genge la karibu na bomba, aliyegombana na wifi yake kwa sababu ya cherehani", jina hujataja, lakini vichwa vyote vimeshageuka kumtazama. Tena hadhira ya Pwani imekulia kwenye mipasho na maneno ya kanga. Fumbo likitupwa, jambo la kwanza ni kutafuta linamwangukia nani. Kuigiza vikundi vingi vinajua. Kinachowashinda ni kukitenga kisa na mwenyewe, na ndipo somo hili litakapokaa zaidi.

Njia yenyewe ni hii: watu wa mtaa wanaandika visa vyao bila majina, kikundi kinavibadilisha, kisha kinavicheza mbele yao. Msiichanganye na ile ya Jonathan Fox na Jo Salas, iitwayo Playback Theatre, iliyoanza jimbo la New York mwaka 1975. Kule mwenye kisa hukaa mbele ya watu akasimulia, na waigizaji wakakicheza papo hapo. Hapa msimulizi hajulikani. Kusimamisha mchezo na kumwita mtazamaji aingie tumekuchukua kwa Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil. Kuanza na shida za wenyeji wenyewe si kugeni kwetu: walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya hivyo kijijini Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mahitaji. Waigizaji 5, mpiga ngoma 1, wasomaji 2 (mmoja wao ndiye mwezeshaji). Karatasi 20 za A4, kila moja ikatwe vipande vinne, mpate 80. Biro 20 za rangi moja. Sanduku lenye kufuli. Muda: wiki 3. Serikali ya mtaa ijulishwe mapema, lakini sanduku lisilale ofisini kwake.

Hatua ya 1: Kukusanya. Watu waandike visa kwa makundi ya 20, dakika 10. Kila mtu apewe karatasi, na kila mtu aandike. Asiye na kisa aandike maneno ya wimbo anaoujua au alichokula jana. Bila hivyo kalamu tano tu ndizo zitakazotembea, na jirani ataziona ni za nani. Waandike kwa herufi kubwa, kwa sababu mwandiko hutambulika, hasa kama msomaji ni mwalimu wa shule ya hapo. Wakunje mara mbili, watumbukize wenyewe.

Msiulize "andika siri yako". Mtapata porojo au karatasi tupu. Ulizeni kitu chenye mahali na wakati: "Ni siku gani ulinyamaza na ulikuwa na la kusema? Mbele ya nani?" Na kabla kalamu haijagusa karatasi, semeni mpaka wa siri: anayeandika kuhusu mtoto anayeumizwa sasa hivi ajue kwamba taarifa itapelekwa.

Hatua ya 2: Kuchambua. Wasomaji wawili, ikiwezekana wa mtaa mwingine, watenge mafungu matatu: vinavyochezeka, vya kusubiri, visivyochezwa kabisa. Fungu la tatu ni la ubakaji, hali ya afya ya mtu anayeweza kutambulika, na kesi iliyoko polisi au mahakamani. Kwa kila kisa kinachochezeka andikeni sentensi moja daftarini: nani anataka nini, nani anamzuia, kwa nguvu gani. Kisha karatasi zichomwe siku hiyohiyo, isipokuwa inayohusu mtoto aliye hatarini. Waigizaji wasizione kamwe.

Hatua ya 3: Kubadilisha. Badilisheni mambo yasiyopungua manne: kazi, mali inayogombewa, idadi ya watoto, msimu, umri, mahali. Msiguse uhusiano wa nguvu, maana huo ndio uti wa mgongo.

Tuseme kisa ni cha mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake. Shamba liwe mtumbwi na nyavu, watoto watatu wawe mmoja, msiba wa juzi uwe wa miaka mitano nyuma, ugomvi utoke nyumbani uende mnadani. Lakini ndugu wa marehemu abaki kuwa ndugu wa marehemu. Mkimfanya tapeli wa mjini, kisa kimekufa: mjane angeweza kumshtaki tapeli bila aibu, wakati shemeji ndiye anayekaa naye msibani.

Kosa linalorudiwa ni kubadilisha hadi kisa kikamwangukia mtu mwingine asiyehusika. Kwa hiyo pimeni. Wasimulieni wenyeji watatu, kila mmoja peke yake, kisa kilichokwisha kubadilishwa, muulize: "Huyu ni nani?" Wawili wakitaja mtu mmoja, rudini mwanzo, au unganisheni visa viwili viwe kimoja. Kuunganisha ndiyo dawa bora kuliko zote.

Hatua ya 4: Mazoezi. Maonyesho matatu ya dakika 6 hadi 8. Kila moja likatike pale mhusika anapotakiwa kuamua. Majina yawe ya cheo tu, Mjomba, Bi Mkubwa. Mwigizaji asiige mwendo wala lafudhi ya mtu wa mtaa, hata kwa utani.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Saa 10 alasiri, ili mmalize kabla ya Magharibi. Watu wakae duara. Bila kipaza sauti, safu ya sita haisikii. Mwezeshaji aseme wazi kwamba kila kisa kimechanganywa. Onyesho likikatika, aulize: "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Njoo uoneshe." Wajitokeze watatu au wanne, kila mmoja dakika 3. Mtu mmoja akae pembeni kwa ajili ya aliyeguswa vibaya.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Je, tukusanye kwa WhatsApp kupunguza gharama?
Marahaba. Hapana, namba inaonekana, na simu nyingi za nyumbani zinashikwa na zaidi ya mmoja. Gharama yenu kubwa ni biro.

Wazee wetu wengi hawaandiki. Tuwaache?
Msiwaache. Msikilizaji kutoka mtaa mwingine akae nao mmojammoja, aandike papo hapo bila kurekodi sauti. Asiyekuwa na kisa naye aingie, akae muda uleule.

Mtu akipaza sauti "huyo ni fulani!" katikati ya mchezo?
Ngoma ipigwe mara moja, waimbishwe kibwagizo walichofundishwa mwanzoni. Mwezeshaji asikanushe, kwa kuwa kukanusha kunathibitisha. Wimbo ukiisha, aendelee na onyesho linalofuata, lile lisirudiwe.

Tumekuta karatasi ya mtoto anayepigwa na kuchomwa moto. Hatujui ni nani.
Onyesho halihusiki tena. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi mkiwa na karatasi yenyewe. Waelezeni lini na wapi iliandikwa, na kundi la watu wangapi. Msianze kuulizana mtaani.

Mwenye kisa akijitokeza mwenyewe kusema "ni mimi"?
Ashukuriwe kwa ufupi, asiulizwe zaidi, na mwezeshaji arudi kwa mhusika wa igizo: "Na huyu wetu afanyeje?" Onyesho likiisha, yule wa pembeni amfuate.