Somo: Kusoma makala ya sayansi kuhusu uvuvi uliokithiri (Kidato cha Pili)

Mwanafunzi akisoma kwamba samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria wameongezeka, mara nyingi hufunga makala akiamini ziwa limejaa samaki. Somo hili linalenga hapo hapo. Tenga vipindi viwili.

1. Anzeni na grafu, kabla ya aya ya kwanza. Kila mmoja aandike mhimili wa wima unapima nini: tani zilizovuliwa, samaki waliomo majini, au idadi ya mitumbwi?

2. Pigeni hesabu ubaoni. Hapa usiharakishe. Mfano wa kubuni: mitumbwi 10 inaleta kilo 500 kwa siku, baadaye mitumbwi 40 inaleta kilo 800. Jumla imepanda, lakini kila mtumbwi umeshuka kutoka kilo 50 hadi 20. Waache wabishane wenyewe. Kisha uliza: jumla hiyo ni ya samaki gani? Dagaa wakiongezeka kwenye mizani, huenda wakaficha upungufu wa sangara.

3. Dai lipigiwe mstari, ushahidi wake uzungushiwe duara. Dai lisilo na ushahidi liwekewe alama ya kuuliza.

4. Leta futikamba. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Wauchore urefu huo kwa chaki juu ya dawati, halafu watafute kwenye makala sababu ya kumwacha akue kwanza.

Maswali ya walimu

Swali: Mwalimu, wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi. Wanaona makala inawasema baba zao.

Jibu: Wasikilize. Wakaulize nyumbani: zamani mlikuwa mnakwenda umbali gani, na sasa je? Majibu hayo yawekwe kando ya takwimu za makala, kwani nayo ni ushahidi. Tena, makala ya sangara isiyotaja viwanda vya minofu na soko la nje imeacha upande mzima.

Swali: Kilo kwa mtumbwi zisiposhuka, samaki wako salama?

Jibu: Si lazima. Huko Newfoundland, Kanada, meli ziliendelea kupata cod (aina ya samaki wa baharini) kwa wingi kwa sababu samaki waliobaki walijikusanya sehemu chache, na meli zilikuwa na vyombo vya kuwasaka. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule. Watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Kwa hiyo waulize pia vipimo vilichukuliwa wapi: penye samaki tu, au kote?