Namna ya kuratibu mawakili wa kujitolea katika mashauri ya madai nchini Uganda

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamhakikishia mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale tu kosa linapobeba adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Mjane anayefukuzwa kwenye kibanja chake, yaani kipande anachokikalia katika ardhi ya mtu mwingine, hana ahadi kama hiyo, na hutegemea vituo vya msaada wa kisheria pamoja na mawakili wanaojitolea. Kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kwa wasiojiweza, au alipe ada badala yake. Anayeanza kazi ya uratibu hudhani kwamba taabu yake itakuwa kuwapata mawakili. Kwa uzoefu wangu mawakili wapo. Kinachokosekana ni kazi iliyokatwa kwa kipimo cha saa hizo.

Kwa hiyo anza na faili kabla ya kumtafuta wakili. Mteja huja na kavera (mfuko wa plastiki) lenye stakabadhi za busuulu, yaani kodi anayomlipa mwenye ardhi, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), picha za mazishi, na katikati yake wito wa mahakama uliokunjwa mara nne. Utafute wito huo kwanza. Mdaiwa ana siku 15 tangu alipokabidhiwa wito kuwasilisha utetezi wake, na zikipita, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Muulize mteja aliupokea lini. Akijibu kwamba ilikuwa siku chache baada ya Idi, kaa naye mbele ya kalenda mpaka tarehe ipatikane, kisha iandike kwa wino mwekundu juu ya jalada. Zikiwa zimebaki siku tatu, usianze kupiga simu za kuomba msaada: andika utetezi wewe mwenyewe, uwasilishe, ndipo umtafute wa kuendelea na kesi.

Si kila shauri linahitaji wakili. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kwenda kwenye utaratibu wa madai madogo, ambako mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu, na hapo mteja anahitaji maelezo ya nusu saa tu na nakala safi za karatasi zake. Asiye na uwezo wa kulipa ada za mahakama anaweza kuomba kufungua kesi kama fukara chini ya Amri ya 33 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, ombi ambalo wakili kijana huliandika vizuri akipewa mfano.

Yanayobaki ndiyo ya kukatwa vipande, na mirathi inaonyesha vema jinsi ya kufanya hivyo. Ukimwambia wakili, "Chukua shauri la mirathi la mama huyu," umemkabidhi safari isiyo na mwisho unaojulikana. Lakini kazi yenyewe ina hatua: kikao cha ukoo na barua ya LC, cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Kabidhi Wasii Mkuu (ofisa wa serikali anayeshughulikia mirathi), maombi mahakamani ya barua za usimamizi, yaani idhini ya kusimamia mali ya marehemu, kisha orodha ya mali ndani ya miezi sita tangu barua zitolewe. Hatua ya kwanza msaidizi wa kisheria anaiweza, pengine kuliko sisi mawakili, kwa kuwa anawajua wazee wa kijiji. Wakili apewe maombi ya mahakamani peke yake. Vivyo hivyo, upatanishi ulioagizwa na mahakama mara nyingi ni kazi ya nusu siku, nao unawafaa mawakili wakongwe ambao hawana tena muda wa kufuatilia kesi nzima.

Ombi lenyewe liseme kazi, muda na mwisho wake. Mimi huandika hivi: "Mheshimiwa wakili, naomba uandae maombi ya barua za usimamizi kwa mteja mmoja wa Busia. Cheti cha kutokuwa na pingamizi kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipo. Nakadiria saa sita. Orodha ya mali baadaye itafanywa na ofisi yetu. Naomba jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana." Ombi la namna hii hujibiwa, hata kama jibu ni hapana.

Kabla ya kutuma hata ukurasa mmoja wa faili, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni cheti cha uwakili cha mwaka husika, kwa sababu hati iliyosainiwa na wakili asiye na cheti halali inaweza kumletea mteja asiye na kosa usumbufu na ucheleweshaji. La pili ni mgongano wa maslahi. Niliwahi kumpa kijana hodari shauri la kibanja, kumbe kampuni yake ilikuwa ikimshauri mwenye ardhi. Tuligundua baada ya yeye kusoma maelezo yote ya mteja wetu, na ilibidi mimi ndiye nimweleze bibi yule. Tangu siku hiyo hutuma majina ya pande zote kwanza, na maelezo baadaye.

Lugha nayo isidharauliwe. Wakili wa Kampala anayezungumza Luganda na Kiingereza akikutana na mteja wa Arua anayejieleza kwa Kiswahili au Kilugbara, mkalimani asiwe shemeji wa mteja mwenye hisa katika ardhi ileile inayogombewa. Hati ya kiapo ya asiyejua kusoma lazima ionyeshe kwamba alisomewa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, na mwandishi wake aweke jina na anwani yake.

Baada ya makabidhiano, tarehe zote zibaki kwenye kalenda yako pia, na upige simu siku saba kabla ya kila moja. Wakili akikuambia kwamba amezidiwa, pokea faili siku hiyohiyo bila lawama, ziandike saa alizokwisha kutumia ili zihesabiwe katika zile 40, wasilisha mahakamani taarifa ya kubadilisha wakili, kisha mpigie mteja simu wewe mwenyewe kabla hajasikia habari hiyo kwa karani wa mahakama.